Kilio cha Saa Nne Kasoro Kumi

Siku ya nne ya kazi yake mpya, Mama Sabuni aligundua kwamba kilio kile kilikuwa na saa yake.

Alikuwa amekaa chini kwenye godoro, mtoto mmoja kifuani, mwingine akimvuta kamba za viatu, chumba kizima kilipolipuka. Alianza mmoja, akadakia wa pili, na kabla hajaamua amshike nani, wote kumi na mmoja walikuwa wameachama midomo. Aliinua macho kuitazama saa ya ukutani, kwa mazoea tu, kama alivyozoea kuitazama kila kitu kinapoharibika. Saa nne kasoro kumi. Jana yake pia aliitazama hivyo hivyo, na jana yake pia ilikuwa saa nne kasoro kumi.

Miaka kumi na sita alifanya kazi kiwanda cha sabuni, kitengo cha ubora. Alisimama kando ya mkanda unaotembea, akiviokota vipande vilivyopasuka, vilivyopinda, au vilivyotoka bila chapa. Wenzake wakiokota kibovu walikitupa ndooni, basi. Yeye aliuliza: ubovu umeanza saa ngapi, na kabla ya saa hiyo nini kilibadilika? Mara nyingi jibu lilikuwa dogo hata la kuchekesha. Kuna wiki nzima sabuni zilitoka na mabaka kwa sababu tu mtu mmoja alipenda kuegemea mlango wa chumba cha kukaushia akipiga soga, ukabaki wazi. Kiwanda kilipoleta mashine ya kukagua, yeye na wenzake waliambiwa ahsante na kwaheri. Akakaa nyumbani miezi mitano, akamchosha mama yake mzazi kwa kupanga na kupangua makabati, mpaka aliposikia kwamba kituo cha kulelea watoto, mtaa wa pili, kinatafuta mlezi. Alipewa mafunzo ya wiki tatu, aproni yenye vifungo vinne vikubwa, na jina. Jina alipewa na Redio.

Redio alikuwa mlezi mwenzake, msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye hakuwahi kuzimwa. Aliongea akibadilisha nepi, aliongea akifagia, na watoto walimpenda kwa sababu hakuchagua wa kuongea naye. Hata ndoo ilipata habari zake.

"Ni kila siku hivi?" Mama Sabuni alimwuliza kwa sauti ya juu, maana kwa sauti ya kawaida wasingesikilizana.

"Nini?"

"Kilio! Ni kila siku saa hii?"

"Aa, mama, wewe bado mgeni! Hiki ndicho kipindi chao cha kwaya!"

Karibu nusu saa baadaye mlango mwembamba wa nyuma, ule unaopita stoo kuelekea uani, ulifunguliwa, akaingia Dada Mkubwa, mikono imejaa povu hadi viwiko. Alikuwa amekaa chumba kile miaka kumi na miwili. Asubuhi wazazi walimpita Redio, wakampita Mama Sabuni, wakaenda moja kwa moja kumkabidhi mtoto yeye. Aliweza kubeba wawili kwa mpigo huku wa tatu akimwegemea goti. Alikausha mikono, akaketi kwenye kiti chake kifupi, na ndani ya dakika tano chumba kilitulia.

"Nikitoka kidogo tu kufua mnawaliza," alisema, nusu utani. "Sijui nikistaafu mtafanyaje."

"Dada, kwa nini wanalia saa ile ile?" Mama Sabuni aliuliza.

Dada Mkubwa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa. "Watoto wanalia, mwenzangu. Ndiyo kazi yao. Kazi yetu ni kuwanyamazisha."

Lakini Mama Sabuni aliondoka na swali lile hadi nyumbani. Kesho yake alinunua daftari dogo la kutosha mfuko wa aproni.

Alianza na njaa, kwa kuwa njaa ndiyo rahisi kuifikiria. Uji ulikuwa ukiletwa saa nne na nusu. Akaenda jikoni kumbembeleza mpishi, mama mnene mwenye hasira za haraka na msamaha wa haraka zaidi, auivishe mapema kwa siku mbili tu.

"Unataka kunipangia jiko langu?"

"Siku mbili tu, mama. Nataka kujua kitu."

"Kujua nini?"

"Kama ni tumbo."

Mpishi alinung'unika, lakini saa tatu na nusu uji ulikuwa mezani. Watoto walikula, wakafutwa midomo, wengine wakacheua. Saa nne kasoro kumi walilia, na uji ukiwa bado mashavuni. Siku ya pili ikawa vile vile. Mama Sabuni akaandika: *Si tumbo.*

Akahamia kwenye jua. Madirisha ya chumba yalitazama mashariki, na kufika saa hiyo jua lilikuwa limetambaa mpaka kwenye magodoro. Alitundika shuka mbili dirishani. Chumba kikawa na kijigiza kizuri, Redio akasema kinamfanya atamani kulala, na saa nne kasoro kumi ikafika na kwaya yake.

Baadaye akashika kengele. Ukuta wa nyuma ulipakana na shule, na kengele ya mapumziko ya shule ile ililia saa nne kasoro robo. Hapo aliona amefika. Alitega sikio siku tatu mfululizo, akasikiliza kengele, kisha makelele ya wanafunzi wakimwagika nje, halafu kilio cha chumbani. Aliandika *Kengele* akapigia mstari mara mbili. Wiki iliyofuata shule ikafunga kwa likizo. Uwanja ukawa kimya. Watoto wakalia saa nne kasoro kumi, bila kengele, bila wanafunzi, kama kawaida yao. Akafuta mistari yote miwili.

"Mama Sabuni, mwachie Mungu," Redio alimshauri.

"Sijashindwa bado."

"Sasa wewe ukijua kwa nini wanalia, utapata nini?"

Alifikiri. Lilikuwa swali la haki. "Kiwandani nilikuwa nikijua kwa nini, kesho yake sabuni zinatoka nzuri," alisema. "Hapa sijui nitapata nini. Ndiyo maana nataka kujua."

Katika watoto kumi na mmoja alikuwapo mmoja ambaye Mama Sabuni alimtazama zaidi ya wengine, ingawa asingekiri. Alikuwa binti wa mwaka mmoja na miezi minne, mwenye paji pana na uso wa mtu anayepiga hesabu. Walimwita Kifungo, kwa kuwa akibebwa alishika kifungo cha nguo yako kwa vidole viwili, hakiachi. Daftari lilionyesha jambo moja: kilio kilipoanza, mara nyingi kilianza kwake.

Kisha Dada Mkubwa akaumwa jino.

Hakuja siku hiyo. Asubuhi ilikuwa vurugu tupu, wazazi walisimama mlangoni na watoto wao, wakichungulia huku na huko, "Dada yuko wapi?", na watoto nao wakang'ang'ania shingo za mama na baba zao. Walilia walipoachwa, wakasinzia kwa kwikwi, wakaamka, wakanuna, wakacheza kidogo. Ndipo katikati ya kumfunga mmoja nepi Mama Sabuni akainua macho. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Redio," alisema polepole. "Wamelia saa ngapi?"

"Wamelia tangu asubuhi."

"Kasoro kumi. Walilia kasoro kumi?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alinyamaza. Hawakulia. Saa ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao bila hata mmoja kuishtukia.

Jioni ile Mama Sabuni aliketi na mama yake sebuleni. Mama yake alikuwa mshonaji mstaafu, macho yamepungua nguvu lakini vidole bado vina akili. Alikuwa akifumua pindo la gauni kuukuu kwa kugusa tu. Walikaa wawili nyumba ile, wakigombana kuhusu chumvi na kupatana kuhusu karibu kila kitu kingine.

"Mama, nilipokuwa mdogo ukienda kazini, nilikuwa nalia?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye mama?"

"Ningejuaje? Nilikuwa nimeshaondoka." Mama yake alicheka, akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa nakutoroka, mwanangu. Nakuwekea sufuria na kijiko, ukianza tu kupiga ngoma yako, mimi huyo, mlango wa nyuma. Shangazi yako ndiye aliyebaki na wewe. Muulize yeye kama ulilia."

"Mbona hukuniaga?"

"Nikuage uanze kulia? Nani angeshona?" Kisha vidole vyake vikasimama kwenye pindo. "Shangazi yako alisema ulikuwa ukikaa mbele ya ule mlango. Nilidhani anatia chumvi."

Kesho yake Dada Mkubwa alirudi, shavu limevimba, na Mama Sabuni hakuitazama saa. Alimtazama yeye.

Alimwona akipokea watoto mmoja mmoja, akiwabusu utosini, akiwaita kwa vijina vyao. Alimwona akiwachezesha, wote wamemzunguka kama vifaranga. Mnamo saa nne kasoro dakika kumi na mbili alimwona akitupa jicho kwenye ndoo ya nepi. Halafu Dada Mkubwa akanyoosha mkono rafuni, akachukua kopo la maziwa lililotiwa kokoto na kuzibwa vizuri, akalitikisa, akalivingirisha hadi pembe ya mbali ya chumba. Vichwa kumi na kimoja viligeuka. Kopo lilikwenda likipiga kelele tamu, wawili wakalifuata kwa kutambaa. Dada Mkubwa alishainuka. Kwa mwili wake mkubwa alipita mlango wa stoo bila sauti, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu kama kope za mtu anayesinzia.

Kopo likafika ukutani, likanyamaza. Kifungo ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alitazama kiti kifupi. Alitazama mlango mkubwa, akatazama chini ya meza. Uso wake wa hesabu ulihesabu, ukakosa mmoja. Midomo ikaanza kutetemeka.

Saa nne kasoro kumi.

Mama Sabuni alijihisi kama zamani, siku alipomkuta yule mpiga soga ameegemea mlango. Alitoa daftari na kuandika haraka haraka, kwa herufi kubwa, namna walivyokuwa wakijaza fomu kiwandani ambako kulikuwa na nafasi moja tu ya kujaza: *SABABU: DADA MKUBWA.*

Laiti angeongeza hata mstari mmoja. Lakini mtoto alikuwa analia, akarudisha daftari mfukoni, akambeba Kifungo. Redio, aliyeambiwa jikoni kwa siri kwamba sababu imepatikana, alipeleka habari ofisini kabla ya chakula cha mchana.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mwenye nia njema na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani aliyoisahau. Alifurahi mno. Kwa miaka alikuwa akiwaambia walezi wawatazame watoto badala ya kuwalinda tu, na sasa alikuwa amempata mtu aliyefanya hivyo bila kulazimishwa. Alimwomba Mama Sabuni daftari lile, na Ijumaa, kwenye mkutano wa wafanyakazi, akalifungua mbele ya watu wote tisa.

"Sikilizeni utafiti wa mwenzenu," alisema, na akaanza kusoma. Tumbo. Jua. Kengele. Watu walicheka vizuri, mpishi akajipigapiga kifua alipotajwa. Mkuu akafunua ukurasa wa mwisho, na kwa kuwa hakuusoma kabla, akausoma kwa sauti ile ile ya furaha. "Sababu: Dada Mk..."

Alisita, lakini lilikuwa limeshatoka.

Dada Mkubwa aliikunja aproni yake kwa utulivu mapajani, mara moja, mara mbili. Mama Sabuni alifungua kinywa aeleze, na maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya kiwandani.

"Miaka kumi na miwili," Dada Mkubwa alisema mwishowe, akimtazama mkuu, si yeye. "Naomba nihamishwe chumba cha wakubwa. Wale wa miaka minne wanajifunga viatu wenyewe. Nitapumzika na mimi."

Jumatatu akahamia ng'ambo ya korido. Mama Sabuni alitamani asingekuwa na hamu ya kuona kitakachotokea, lakini hamu ilikuwapo, na aliionea aibu. Kitengo cha ubora kingesema: sababu imeondolewa, sasa tutazame. Akatazama. Watoto hawakulia saa nne kasoro kumi. Walilia saa mbili, saa tatu, saa tano; walilia usingizini. Hata mtoto wa miezi tisa aliyekuwa hajui kununa akajifunza kununa. Kifungo hakulia sana. Alitambaa hadi mlango wa stoo, akaketi akiutazama, mgongo wake mdogo umenyooka, na uji wake ukapoa. Siku ya pili alifanya vile vile. Baba yake, fundi umeme mpole asiye na maneno mengi, alipomchukua jioni aliuliza, "Mwanangu amepoteza nini?"

Mama Sabuni alimkabidhi mtoto na mfuko wa nguo zake. Lakini usiku haukuingia kabla hajalipata jibu: alikuwa amelijaza vibaya lile daftari. Kilichowaliza watoto ni kwamba mtu wanayempenda hutoweka bila kusema, na hawajui kama ametoweka moja kwa moja. Mtu huyo na kutoweka kwake havikuwa kitu kimoja. Kama ni kuandika jina la Dada Mkubwa, lilifaa kwenye nafasi ya kinachowatuliza.

Jumatano alimfuata uani. Dada Mkubwa alikuwa bado akifua nepi za wadogo. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakumwachia mtu. Alikuwa akianika, vibanio mdomoni.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi."

Dada Mkubwa aliendelea kuanika. Mama Sabuni akainama, akachukua nepi kwenye beseni, akaikamua, akaanika upande wa pili wa kamba. Walifika katikati karibu pamoja.

"Niliandika vibaya," alisema. "Nilikutazama kama mashine iliyoharibika. Hujaharibika. Wanakulilia kwa kuwa hakuna mwingine pale wa kumlilia. Mimi nikitoka, hakuna hata anayegeuka."

Dada Mkubwa alitoa kibanio kimoja mdomoni. "Wanakula?"

"Kifungo hali."

Maji ya nepi yalidondoka chini, tap, tap.

"Nilifundishwa hivyo," Dada Mkubwa alisema. "Aliyenipokea hapa aliniambia, mtoto usimuage, ukimuaga analia. Mgeuze macho, utoke. Nikawa hodari. Nilidhani nawaonea huruma."

"Ila wanalia tu."

"Wanalia nikiwa nje. Nikiaga watalia mbele yangu." Alishika kamba kwa mikono miwili. "Binti yangu mkubwa nilimwacha kwa bibi yake, akiwa na miaka miwili, nikaenda kutafuta kazi. Nilimuaga vizuri. Alishika sketi yangu, ikabidi bibi yake amfungue vidole kimoja kimoja. Nilikisikia kilio chake mpaka njia panda, na baada ya njia panda nikawa bado nakisikia. Nikasema, sitamuaga mtoto tena maisha yangu yote." Alijifuta pua kwa kiwiko. "Sasa yuko chuoni. Huwa ananicheka kwamba nikimtembelea naondoka bila kwaheri."

Mama Sabuni alitaka kumshika mkono, lakini mikono yote minne ilikuwa imelowa. "Mimi nilikuwa nakaa mbele ya mlango," alisema. "Nimeambiwa juzi. Sikumbuki chochote. Lakini nimejikuta kiwandani miaka kumi na sita nikitafuta kitu kimebadilika saa ngapi." Alicheka kidogo, na Dada Mkubwa akacheka naye, cheko fupi la kushtukizwa.

"Sasa unataka nini, mpelelezi?"

"Tujaribu. Urudi, na ukitoka uwaage. Siku kumi. Ikishindikana nalichoma daftari."

"Na hao wote kumi na mmoja waning'inie kwangu peke yangu?"

"Hapana. Hilo nalo tulibadilishe."

Walikwenda kwa mkuu pamoja, harufu ya sabuni imewatangulia. Mkuu aliwaomba radhi mara tatu, akahamisha miwani moja kutoka kichwani kwenda mezani, akakubali yote. Kuanzia Alhamisi kila mlezi alikuwa na watoto wake: Dada Mkubwa watatu, Redio wanne, Mama Sabuni wanne. Asubuhi mzazi alimkabidhi mtoto kwa mlezi wake na si kwa mwingine, na mlezi huyo ndiye aliyemlisha, aliyembadilisha na aliyemlaza. Kifungo aliangukia kwa Mama Sabuni. Alimwomba mkuu ampeleke kwa Dada Mkubwa, lakini Dada Mkubwa mwenyewe akakataa. "Mimi ananijua tayari. Wewe jitambulishe."

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Saa nne kasoro kumi Dada Mkubwa alipiga magoti katikati ya magodoro. Hakugusa kopo. "Jamani, nakwenda kufua," aliwaambia, sauti yake ikikwaruza. "Nepi zenu chafu zile. Nikimaliza narudi. Kwaherini." Akainuka na kutembea, wakimwona, hadi mlango wa stoo. Kilio kilichofuata, mfano wake haukuwahi kusikika chumbani mle. Mpishi alikuja mbio na mwiko mkononi. Dada Mkubwa alisimama nje ya mlango, machozi yanamtiririka, na Redio akamshika bega asirudi.

"Umeridhika?" Dada Mkubwa alimwuliza Mama Sabuni baadaye.

"Dakika ishirini na mbili," alijibu Mama Sabuni, akionyesha daftari. "Zamani, hadi urudi ilikuwa nusu saa."

"Hizo nane ndizo za kujivunia?"

"Sijivuni. Naandika tu."

Siku ya pili zikawa ishirini na tano, na Redio akasema daftari liko karibu na moto. Ya tatu kumi na nane. Kila siku maneno yalikuwa yale yale, nakwenda kufua, narudi, na kila siku alirudi na kusema, "Nimerudi!", kwa sauti ya mtu aliyetoka safari ndefu. Mama Sabuni alimpakata Kifungo kila mara, akamwambia kilichokuwa kikitokea, hata kama hakujua kiasi gani kinamwingia. "Dada anafua. Sikiliza, hilo ni beseni. Hiyo ni ya bluu, sasa anaikamua." Siku ya tano mtoto alinyoosha mkono, akashika kifungo cha juu cha aproni yake kwa vidole viwili. Mama Sabuni alishindwa kuendelea na habari za beseni. Redio akazidakia pale pale.

Siku ya nane walilia watatu tu. Siku ya tisa Dada Mkubwa alisema kwaheri yake, akageuka, akasikia nyuma yake ukimya wa ajabu. Aligeuka tena kutazama. Kifungo alikuwa amesimama kwa miguu yake, ameshikilia ukingo wa rafu, na alikuwa akipunga mkono, kiganja kimejielekeza kwake mwenyewe badala ya kwa anayeondoka, kama wanavyofanya wanapoanza. Alipunga mara nne. Kisha akaketi, akaendelea kupanga vikombe vya plastiki.

Dada Mkubwa alifua nepi zote siku ile bila kujua anafua nini. Jioni alimpigia simu binti yake wa chuoni, wakaongea, na mwisho wa maongezi akamuaga vizuri, kwaheri ya mama na mwana. Binti akauliza kama anaumwa.

Vyumba vingine navyo vikaanza kugawana watoto. Si kila kitu kilikwenda sawa. Mama mmoja alilalamika kwamba alizoea kumkabidhi mwanawe kwa Dada Mkubwa, akahitaji wiki mbili na maelezo mengi. Mtoto wa miezi minane aliendelea kulia kila asubuhi, na bado wanatafuta sababu. Lakini saa nne kasoro kumi sasa ilikuwa saa ya kawaida, na kwa kuwa hawakuwa tena na kazi ya kunyamazisha, walezi walijikuta na muda wa kuona mambo ambayo zamani kelele iliyafunika.

Asubuhi moja Dada Mkubwa alimjia Mama Sabuni akiwa amekunja uso.

"Hebu lete hilo daftari lako. Umewahi kujiuliza kwa nini wanapenda kukaa chini ya meza ya kubadilishia nepi? Nimehesabu. Leo peke yake, watano. Wanaingia, wanaweka sikio ukutani, wanatulia."

"Labda kuna ubaridi."

"Nimegusa. Hakuna ubaridi."

Walitazamana. Kisha Dada Mkubwa, kwa mwili wake wote, akapiga magoti na kuingia chini ya meza, na Mama Sabuni akajipenyeza kando yake. Waliweka masikio ukutani kama walivyoona wadogo wakifanya. Mwanzoni hawakusikia kitu. Halafu mahali fulani jikoni mpishi akafungua bomba, na ndani ya ukuta, karibu kabisa na masikio yao, maji yakaanza kupita, yakivuma na kucheka, yakapanda, yakakatika.

"Mama yangu," Dada Mkubwa alinong'ona.

Mkuu aliingia wakati huo na karatasi zake. Aliona miguu minne ya watu wazima imetokeza chini ya meza, na watoto watatu wamechuchumaa mbele yake, wakisubiri zamu.

"Kuna nini humo?" aliuliza.

"Njoo usikie," Dada Mkubwa alisema. "Redio! Kimbia jikoni, mwambie mpishi afungue bomba tena. Afungue polepole."